Shule ya dizaini haifundishi Photoshop

Kila matokeo ya KCSE yanapotoka, simu yangu huanza kulia. Hapa Nyeri ukishajulikana kuwa mtu wa kompyuta, wewe ndiye fundi wa printa, wewe ndiye unayeulizwa simu gani inafaa kununuliwa, na siku hizi wewe pia ni mshauri wa masomo. Swali ninaloulizwa zaidi wala halihusu kuandika programu. Huwa hivi: "Kijana wangu anataka kusomea mambo ya grafiki. Hiyo si ni kujua Photoshop tu? Kwa nini nilipe miaka minne?"

Mimi nilisomea sayansi ya kompyuta. Lakini nilipokuwa chuoni Nairobi nilipanga chumba kimoja na mwanafunzi wa dizaini kwa zaidi ya miaka miwili, na leo katika kazi yangu ya kutengeneza programu nakaa meza moja na dizaina aliyesomea chuo kingine. Nimeyaona mafunzo hayo kwa karibu kiasi cha kuwa na maoni. Nimeamua kuyaandika yote mara moja, kwa urefu, ili atakayeuliza tena nimpe asome.

Jibu fupi: hapana, si Photoshop. Photoshop ni sehemu ndogo kabisa. Ukimpeleka mtoto shule ya dizaini akajifunze Photoshop, utakuwa umetupa pesa. Jibu refu ndilo hili.

Watu wanachodhani

Tembea kutoka Kimathi Way hadi Gakere Road uhesabu maduka ya uchapishaji. Nenda Karatina, Nanyuki, Kerugoya au Murang'a, utayakuta yale yale. Kadi za harusi, kalenda za kanisa, fulana za chama, mabango ya wanasiasa uchaguzi ukikaribia, na zaidi ya yote programu za mazishi. Kijana aliye mle ndani anaijua CorelDRAW kama anavyolijua jina la mamake. Familia inakuja Jumanne jioni na picha ya marehemu iliyopita WhatsApp ikafinywa hadi sura haionekani vizuri, mazishi ni Alhamisi, na wanataka kijitabu cha kurasa nane nakala mia tatu. Asubuhi kiko tayari.

Tusiwadharau vijana hawa. Kijitabu cha kurasa nane kinatoka kwenye karatasi mbili za A4 zilizokunjwa katikati, na kwenye karatasi ya nje ukurasa wa 8 hukaa kando ya ukurasa wa 1, wa 2 kando ya wa 7. Ukikosea hapo, wasifu wa marehemu unaanzia katikati ya wimbo. Anajua pia kwamba skrini inatengeneza rangi kwa taa tatu, nyekundu, kijani na buluu, ilhali mashine ya kuchapa inatumia wino wa aina nne, kwa hiyo ile buluu inayong'aa kwenye kioo haitatoka hivyo kwenye karatasi. Huu ni ujuzi halisi na unalisha familia.

Ila ujuzi huo unaweza kuupata kwa miezi mitatu dukani pamoja na video za YouTube. Kama ndicho kitu mtoto wako anachotaka, mtafutie duka zuri na mwenye duka mvumilivu.

Mwaka wa kwanza wa penseli

Kilichonishangaza kwa mwenzangu wa chumba ni kwamba mwaka wa kwanza wote karibu hakugusa kompyuta. Mimi nilikuwa nahangaika na lugha ya C, yeye alikuwa anachora kiti. Kiti kile kile, wiki nzima. Kisha akaambiwa aache kuchora kiti na achore nafasi zilizo katikati ya miguu ya kiti. Nilidhani wanamchezea.

Mpango huu una asili yake. Shule ya Bauhaus ilipofunguliwa Weimar, Ujerumani, mwaka 1919, wanafunzi walianza na kozi ya utangulizi chini ya Johannes Itten: maumbo, rangi na vifaa vya kazi, kabla ya kuruhusiwa kuchagua fani. Wanazi waliibana shule hiyo hadi ikafungwa mwaka 1933, walimu wake wakatawanyika, na kozi ile ya utangulizi ikatawanyika nao hadi ikawa kawaida katika shule nyingi za dizaini duniani. Mtoto wa Othaya anayechora nafasi katikati ya miguu ya kiti anafanya zoezi la ukoo huo.

Faida yake niliielewa alipofika kwenye herufi. Chora H na O za urefu ule ule kabisa, kwa rula. Ziweke pamoja. O itaonekana ndogo. Ili zionekane sawa, lazima O ipite mstari kidogo juu na kidogo chini. Mtu wa programu akiambiwa hivyo atachukua rula aseme namba ni sawa, kazi imekwisha. Dizaina anafundishwa kwamba namba ni sawa lakini msomaji hasomi kwa rula. Rangi nazo ni hivyo hivyo. Josef Albers, aliyesoma kisha akafundisha Bauhaus, aliandika kitabu kizima mwaka 1963 kuonyesha kwamba rangi moja ikiwekwa juu ya rangi mbili tofauti huonekana kama rangi mbili. Kama umewahi kuweka kitufe kile kile kwenye kurasa mbili za programu yako, ukashangaa mbona kwenye moja kimefifia, jibu ndilo hilo.

Kwa hiyo mwaka wa kwanza ni wa kujifunza kuona. Kutazama kila mtu anaweza.

Ukutani

Sasa tufike kwenye kiini. Ukiniuliza shule ya dizaini ni nini hasa, nitakwambia ni ukuta.

Kila baada ya wiki mbili au tatu, kazi zote zinabandikwa ukutani. Darasa zima linasimama mbele yake pamoja na mhadhiri, na kila kazi inakosolewa mbele ya watu, mwenyewe akiwepo. Kusema "naipenda" au "siipendi" hakuruhusiwi. Lazima useme kwa nini. Hili bango linasomwa na nani? Akiwa umbali gani? Jicho linaangukia wapi kwanza, na je, hapo ndipo lilipotakiwa kuangukia? Kwa nini umetumia fonti tatu wakati moja ingetosha? Mwenzangu alirudi chumbani siku moja akiwa na bango la wiki tatu alilolikunja kama gazeti la kufungia nyama. Hakula. Kesho yake alianza upya, na la pili lilikuwa bora kiasi kwamba hata mimi niliona.

Sisi watu wa programu tuna kitu kinachofanana na hicho. Msimbo wako unakaguliwa na wenzako kabla haujaunganishwa na ule wa wengine, na mara ya kwanza huwa inauma. Lakini sisi tuna kimbilio. Msimbo unakubali kuendeshwa au unakataa. Majaribio yanapita au yanaanguka. Ukibishana na mwenzako, mnaweza kuiuliza mashine. Dizaina hana mashine ya kuuliza. Ana macho, ana sababu, na ana maneno ya kuitetea kazi mbele ya mtu anayelipa. Mambo hayo matatu hayapatikani kwenye video, kwa sababu video haikujibu na haikuaibishi. Yanajengwa kwa kubandikwa ukutani mara hamsini, na kwa kuikosoa kazi ya mwenzako mara mia mbili bila kumvunja moyo.

Matunda yake nimeyaona kazini. Tulikuwa tunatengeneza programu ya kupima kahawa kwa ushirika mmoja wa huku mlimani. Kabla hatujaandika hata mstari mmoja, dizaina wetu alichora skrini kwenye karatasi, akapanda bodaboda hadi kiwandani asubuhi ya mavuno, akasimama kando ya mizani na kutazama. Akarudi na mambo mawili. Wakulima wengi ni wazee, wanasimama juani, kwa hiyo maandishi ya kijivu juu ya meupe ni bure. Na kitu cha kwanza mkulima anachotafuta kwenye risiti si jina lake wala tarehe. Ni kilo. Akazitoa kilo chini kabisa ya orodha akaziweka juu, kubwa, nyeusi. Hakuna aliyemwagiza kwenda kule. Alifundishwa kwamba swali "nani anasoma, akiwa wapi" linaulizwa kabla ya penseli kugusa karatasi.

Yale ambayo hawakuambii

Nisiipambe mno. Kuna ugumu ambao mzazi anapaswa kuujua mapema.

Kwanza, karo si gharama yote. Karatasi nzito, rangi, brashi, kadibodi, visu, na uchapishaji wa kazi za mwisho wa muhula hutoka mfukoni mwa mwanafunzi. Mimi nilimaliza digrii kwa kompyuta kuukuu na daftari. Mwenzangu kila muhula alikuwa na wiki za kula sukuma wiki tupu kwa sababu pesa ya nyama imekuwa karatasi. Baadaye ikaja laptopu, na lazima iwe yenye nguvu.

Pili, usingizi hakuna. Anayedhani sanaa ni kozi ya wale walioshindwa na hisabati aje aone chumba cha mwanafunzi wa dizaini usiku wa kuamkia siku ya kuwasilisha.

Tatu, mtaala huchelewa. Skrini za simu na programu za mtandaoni zilibadilika haraka kuliko masomo, na mwenzangu mengi ya hayo alijifunza mwenyewe usiku.

Nne, na hili ndilo linaloniudhi zaidi: wanahitimu bila kujua kuweka bei. Wanaweza kukueleza historia ya fonti, lakini mteja akisema "nifanyie nembo, nitakutangaza", hawana jibu. Mkataba, malipo ya awali, nani mwenye haki ya kazi baada ya kulipwa, yote hayo wanayakuta barabarani. Shule inayofundisha mtu miaka minne kuitetea kazi yake ukutani inaweza kutenga muhula mmoja imfundishe kuitetea kwenye ankara.

Lakini hapa kwetu kuna haja gani?

Wengine husema dizaini ni mambo ya Nairobi na Ulaya. Hebu tuangalie.

Afrika Mashariki ilianza zamani. Margaret Trowell alianzisha masomo ya sanaa Makerere mwaka 1937, na shule iliyokua kutokana na hayo bado ina jina lake. Miaka ya 1950 alipita hapo kijana kutoka Tanganyika aitwaye Elimo Njau. Mwishoni mwa muongo huo alipewa kuta za kanisa la Anglikana la Murang'a, lililojengwa kuwakumbuka Wakristo waliouawa wakati wa vita vya Mau Mau. Akachora michoro mitano mikubwa ya maisha ya Yesu, na Yesu huyo ni Mwafrika, katika nchi inayofanana na hii tunayoiona tukitoka nje ya mlango. Mwaka 1965 alishiriki kuanzisha Paa ya Paa, Nairobi. Kama hujawahi kuziona kuta hizo, Murang'a si mbali. Nenda ukaone mtu aliyesomea sanaa anaweza kufanya nini kwa mji mdogo uliotoka kwenye msiba.

Leo Chuo Kikuu cha Nairobi kina digrii ya dizaini na Kenyatta kina idara ya sanaa. Huku mlimani tuna vyuo pia, lakini Dedan Kimathi kinajulikana kwa uhandisi na kompyuta. Kwa hiyo kijana wa Nyeri anayetaka dizaini hupanda matatu kwenda Nairobi, na akihitimu mara nyingi harudi.

Kutorudi kwake kuna bei. Nitatoa mfano mmoja mdogo. Kikuyu huandikwa kwa herufi ĩ na ũ. Kwenye kompyuta herufi hizo zina makao yake kabisa katika Unicode, U+0129 na U+0169, hakuna tatizo la kiufundi hapo. Tatizo ni kwamba fonti nyingi za mapambo zinazopendwa kwenye kadi na programu za mazishi hazikuchorewa herufi hizo. Kompyuta ikizikosa inaazima kutoka fonti nyingine. Matokeo yake ni wimbo wa mwisho wa mtu, au jina lake mwenyewe, likiwa na herufi mbili zilizovaa nguo tofauti na wenzake. Au mwenye duka anaondoa alama, na neno linasomeka vingine. Tumezoea hata hatuoni tena. Mchoraji wa herufi wa Berlin halijui tatizo hili. Atakayelirekebisha ni mtu aliyefundishwa kuona kwamba O lazima ipite mstari, na ambaye pia nyanyake anaimba wimbo huo.

"Lakini fulani alijifunza mwenyewe"

Kweli, wapo. Hata mimi mengi ninayoyatumia kazini sikufundishwa darasani. Ila tazama vizuri hao waliojifunza wenyewe wakafaulu: karibu kila mmoja alipata ukuta wake mahali fulani. Bosi mkali wa kiwanda cha uchapishaji River Road, kaka aliyemtangulia kazini, kikundi cha marafiki wanaochanana kazi bila huruma. Anayejifunza peke yake bila mkosoaji hurudia kosa lile lile kwa kasi zaidi kila mwaka. Kama mtoto hawezi kwenda chuo, mtafutieni ukuta. Hicho ndicho asikikose.

Wengine wanasema sasa mashine zinachora. Ni kweli: tangu 2022 yeyote anaweza kuandika sentensi apate picha. Zimewatikisa hasa wale ambao ujuzi wao wote ulikuwa kujua vitufe vya programu. Mashine ikikupa mabango arobaini kwa dakika mbili, bado lazima mtu achague moja na aseme kwa nini hayo thelathini na tisa hayafai. Nani atachagua? Kazi hiyo ya kuchagua na kutoa sababu ndiyo waliyokuwa wakiifanya mbele ya ukuta muda wote huo.

Kwa wazazi

Sababu ya kuandika haya sasa ni hii. Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa mtaala mpya waliingia Gredi ya 10, na kila mmoja ameingia katika mmoja wa mikondo mitatu: Sayansi, Teknolojia, Uhandisi na Hisabati, Sayansi za Jamii, au Sanaa na Sayansi ya Michezo. Sisi wa 8-4-4 tulikulia wakati ambapo sanaa ilikuwa imeondolewa kwenye mtihani wa KCPE, na kila mwanafunzi wa Kenya anajua kisichotahiniwa hakifundishwi. Kwa hiyo tumekuwa wazazi, wajomba na washauri bila kujua sanaa ikifundishwa vizuri huwa na sura gani. Halafu tunamwambia mtoto wa miaka kumi na tano kwamba mkondo wa tatu ni wa walioshindwa.

Ukiniuliza utampimaje mtoto, usimuulize kama anajua Photoshop. Mpe kazi moja: achukue programu ya mazishi iliyoko kwenye kabati lenu, kila nyumba inayo, aipange upya kwa penseli. Kisha mwambie kasoro tatu alizofanya. Akinuna asirudi, pengine ni mpenzi wa kuchora tu, na hilo si dhambi. Akirudi kesho na kazi mpya, pamoja na sababu za kukataa kasoro moja kati ya zile tatu, huyo anza kumtafutia karo. Na pesa ya karatasi iweke kando tangu siku ya kwanza.